Muulize Mwalimu: Nani aligundua kuwa jinsia ya mtoto hutoka kwa baba?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimejaliwa mabinti watatu, na mama mkwe kila siku ananisema kwamba tumbo langu linakataa wa kiume. Muuguzi wa kliniki aliniambia jinsia huamuliwa na mbegu ya baba. Nani aligundua hilo, na alilionaje? Mama wa mabinti, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuguzi kakwambia kweli, na miongoni mwa walioligundua mwanzo ni mwanamke mwenzetu, Nettie Stevens, binti wa seremala, aliyezaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1861. Mimi niliyezeekea kwenye chaki nampenda sana huyu mama, maana naye alikuwa mwalimu wa shule. Alidunduliza mshahara hadi akaingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896, umri miaka 35. Shahada yake ya udaktari wa falsafa aliipata Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Marekani, mwaka 1903.

Alichunguza wadudu wa unga. Alipasua korodani za madume, akazikata vipande vyembamba mno, akavitia rangi, kisha akainamia hadubini kuhesabu kromosomu, vile vijiti vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Jike alikuwa nazo 20, zote kubwa. Dume naye 20, ila moja ni ndogo sana. Yai au mbegu hubeba nusu tu ya hizo. Basi kila yai hubeba kubwa 10, lakini mbegu za dume ziko za aina mbili: nusu zina kubwa 10, nusu zina kubwa 9 pamoja na ile ndogo. Yai likipata mbegu yenye ile ndogo, huzaliwa dume. Hayo aliyachapisha mwaka 1905, wakati wapo wataalamu waliodhani chakula au joto ndivyo vinavyoamua jinsia.

Edmund Wilson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alifikia jambo hilo mwaka uleule, na vitabu vingi vikamtaja yeye tu. Hilo linaniuma hadi leo. Stevens alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1912, Bryn Mawr wakiwa wameshamwandalia uprofesa wa utafiti ambao hakuwahi kuushika.

Kwetu binadamu, yai la mama daima lina kromosomu iitwayo X. Mbegu ya baba huja na X au ile ndogo iitwayo Y, na Y ndiyo inayoleta mvulana. Mweleze mumeo kwanza, mkiwa wawili, kisha yeye azungumze na mama yake. Wala yeye asilaumiwe: hakuna baba anayechagua mbegu ipi itangulie.