Mbwa asikanyage Lambwe, hata dakika kumi

Dada wa Section 58, Nakuru, uliyeandika hapa plani ya likizo na mbwa, futa siku ya tatu na ya nne kabla hujasoma lingine lolote. Hiyo ya Ruma, mbuga iliyo kwenye bonde la Lambwe, Homa Bay, kwa sababu huko kuna mbung'o, nzi anayebeba ugonjwa unaoua mbwa. Umeandika mtatoka Nakuru na mbwa wawili, mlale Kisumu, muone mawe ya Kit Mikayi, mzunguke Homa Bay mpige hema karibu na Ruma siku mbili, mbwa wabaki getini na kijana wa kuwashikilia mkiingia kuona wanyama, halafu mmalizie Rusinga. Nilifika hapo kwa "kijana wa kuwashikilia getini" nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza, kwa sababu hicho ndicho nilifanya Agosti 2024, hatua kwa hatua, mpaka na huyo kijana.

Na kabla watu hawajaanza, najua kuna wenye watasema mbwa ni wa kulinda boma si wa kupelekwa likizo. Nyinyi pelekeni mbuzi wenu mnakopeleka Krismasi, mtuachie mbwa wetu.

Bobby ni mchanganyiko wa German Shepherd, amezaliwa Kiamunyi, amelelewa Kiamunyi, baridi ya Nakuru ndio anaijua. Tulikuwa tumechoka na likizo ya kumwacha kwa jirani analia siku nne bila kula, tukasema mwaka huu tunaenda naye, tutafute kitu tofauti. Tukachagua Ruma kwa sababu ya korongo, ule swara mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe kama amevaa kinyago, na Kenya nzima huwezi kumwona porini mahali pengine isipokuwa hapo. Mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haziruhusu mbwa kuingia, hilo tulijua tangu nyumbani, kwa hivyo tukapanga vile vile umepanga wewe, mbwa ashikwe nje sisi tukiingia.

Jioni kabla ya kuingia tulilala gesti moja upande huo, na mwenye gesti nilimuuliza wazi wazi, nikiwa nimesimama na Bobby mkononi. Mzee, nasikia hili bonde la Lambwe lilikuwa na mbung'o, vipi kuhusu mbwa? Akacheka. Akaniambia malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, iliisha hapa kitambo, hiyo ni hadithi ya akina babu, angalia mbwa wangu watatu hawa wamelala, wana shida gani? Nikaangalia mbwa watatu wamelala kweli, nikatulia. Hakuniambia kama mbwa wake wamewahi hata siku moja kufika huko vichakani, na hakuniambia amezika wangapi kabla ya hao watatu. Huyo mtu mpaka leo nikikumbuka kile kicheko damu inanipanda, kwa sababu angesema tu "sijui kuhusu mbwa" ningelipa gesti siku mbili zaidi Bobby abaki ndani.

Naona hapo juu kuna mtu amekujibu usiwe na wasiwasi, WHO, Shirika la Afya Duniani, imetangaza Kenya imemaliza malale. Ni kweli ilitangaza, Agosti 2025, kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena Kenya, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini alikuwa 2009. Ni kazi kubwa ilifanywa na inafaa kupongezwa. Lakini soma vizuri, hiyo ni ya WATU. Vidudu vinavyoua ng'ombe na mbwa ni ndugu za vile vya binadamu, vinabebwa na mbung'o yule yule, na mbung'o bado yupo Lambwe. Ukiona vile vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye vichaka huko, hiyo ni mitego yake, hawatundiki kwa ajili ya mdudu aliyeisha. Kwa hivyo wewe ndugu uliyeandika hivyo, umempa dada nusu ya habari, na nusu kama hiyo ndiyo mimi niliuziwa.

Sasa siku yenyewe. Tuliingia asubuhi, Bobby tukamfunga kwenye kivuli cha mgunga karibu na geti, maji kwa beseni, kijana tukampa 300 akae naye. Kivuli! Tulidhani tunamfanyia mema, kumbe mbung'o naye anapenda kupumzika pale pale kwenye kivuli cha vichaka akingoja kitu chenye damu kipite. Tulikaa ndani kama saa mbili na nusu, na korongo hata hatukumwona, tuliona twiga na nyati tukarudi. Tukapata Bobby hatulii, anajing'ata ubavuni, anapiga meno hewani, kijana anasema ni nzi tu wanamsumbua. Nikampandisha gari. Tukiwa tumeshaondoka ndio mke wangu akaona mmoja ametua kwenye kioo cha nyuma, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi ya kahawia, mdomo umechomoza mbele kama sindano, na mabawa ameyalaza mgongoni moja juu ya lingine kama mkasi umefungwa. Hayo mabawa ndio alama yake, nzi wa kawaida mabawa yake yanatawanyika. Nikamponda na gazeti, akaacha tone la damu kwenye kioo. Damu ya Bobby hiyo. Na hata hapo bado sikushtuka, kwa sababu ya agrovet.

Agrovet, duka la dawa za mifugo, ya Nakuru town, siitaji, nilienda wiki moja kabla ya safari nikasema naenda na mbwa kando ya Ziwa Victoria, nipeni kitu cha wadudu. Nikauziwa kidonge cha kutafuna, bei ya kuumiza, nikaambiwa hiki kinamaliza kila mdudu, wewe nenda ukastarehe. Kile kidonge ni kizuri, kwa KUPE na viroboto. Kinafanya kazi kupitia damu, yaani mdudu lazima aume kwanza ndio afe. Mbung'o akishauma ameshatema vidudu vyake ndani ya mbwa, akifa baadaye inakusaidia nini? Na chanjo ya huu ugonjwa haipo, ya mbwa wala ya ng'ombe, msidanganywe na mtu yeyote.

Tukarudi nyumbani salama, picha nzuri, kila mtu anauliza tulienda wapi. Siku ya kumi na mbili hivi Bobby akaacha chakula. Nyama ya kichwa, ile yeye huimaliza sufuria ikiwa bado ya moto, akainusa akaenda kulala. Mwili unachemka, tezi za shingo zimevimba ukishika ni kama maharagwe chini ya ngozi. Nikampeleka kwa veti, akaangalia ufizi umepauka, akasema homa ya kupe, hiyo Nakuru ni ya kila siku. Hakuuliza tumesafiri wapi. Na mimi SIKUMWAMBIA, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeambiwa malale iliisha. Akaandika vidonge, tukameza siku sita. Siku mbili akapata nafuu kidogo, halafu ikarudi vibaya zaidi. Homa inapanda, inashuka, inapanda. Kutoka kilo 34 akafika 26, mifupa ya kiuno unaihesabu.

Halafu macho. Asubuhi moja nilimwita akageuza kichwa nikaona jicho la kushoto limeingia ukungu wa bluu, kama kioo cha gari asubuhi ya Njoro kabla hujawasha hita. Kesho yake na la kulia likaanza. Anatembea akigonga ndoo, ndoo ambayo iko pale pale miaka yote. Watoto walikuwa wanaisogeza ndoo bila kuambiwa na mtu.

Jirani ndiye alinipeleka kwa veti mwingine, mzee aliyefanya kazi ya mifugo miaka mingi upande wa ziwa kabla ya kustaafu. Huyo alimwangalia macho tu, hata hajashika kipima joto, akaniuliza, "Mlimpeleka wapi huyu?" Nikasema Homa Bay. "Homa Bay wapi?" Nikasema Lambwe. Akanyamaza. Akatoa tone la damu sikioni, akaweka kwenye kigae cha kioo, akaangalia kwa hadubini, halafu akaniambia njoo uone mwenyewe. Seli nyekundu zimejaa zimetulia, na katikati yake kuna kitu kama uzi mfupi kinajipindapinda, kinazisukuma kama makanga anapenya watu steji ya Nakuru jioni. Ndio vidudu vya mbung'o hivyo, nilihesabu vitatu nikaondoa jicho kwenye hadubini. Kipimo cha dakika kumi. Wiki nzima nilikuwa nampa Bobby dawa ya ugonjwa ambao hana, na jibu lilikuwa tone moja la damu mbali.

Dawa ni sindano ya diminazini, ile ile ya ng'ombe, na hapa tafadhali mnisikie, USIENDE agrovet ukanunua pakiti ya ng'ombe ukamdunga mbwa kwa kukadiria. Kwa mbwa nafasi kati ya dozi ya kumponya na dozi ya kumuumiza ubongo ni ndogo sana, mzee alimpima kilo mara mbili kwenye mizani ndio akavuta dawa. Na akasema damu ipimwe tena na tena, kwa sababu vidudu vinaweza kujificha ndani ya mwili vikarudi. Tulirudi mara nne. Jumla yote nilitumia kama 41,000, na ile wiki tuliyopoteza ndio ilikula jicho.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja na nitairudia kila mtu akitaja Ruma hapa na mbwa. Mbwa hakanyagi Lambwe. Si getini, si kwa hema, si "ashuke akojoe tu kidogo". Kama lazima muione Ruma basi mbwa wabaki kwa mtu Kisumu mwende siku moja bila wao, na gari mkirudi nayo ikaguliwe, huyo mdudu hufuata gari inayotembea na kuingia.

Na Rusinga unaweza kufika bila kupita hilo bonde kabisa. Kisumu mshike barabara ya Bondo, Kit Mikayi iko njia hiyo hiyo, mfike Ndori mkate kushoto mpaka Luanda Kotieno, mpande feri ya magari mvuke Mbita, na Mbita mpaka Rusinga ni daraja. Sisi tulifanya hivyo mwaka uliofuata, ndio, na Bobby, nilimuuliza mfanyakazi wa feri kwanza akasema abaki ndani ya gari, tukafungua vioo nusu akala upepo wa ziwa mpaka ng'ambo. Rusinga ni peupe, vichaka ni vichache, tulikaa siku tatu tukipanda vilima asubuhi, tukapita kaburi la Tom Mboya, sikuona mbung'o hata mmoja. Kit Mikayi kuna watu huenda kuomba na kufunga, kwa hivyo muulize wenyeji kwanza kabla hamjafika na mbwa kwa mawe, na muwe na kamba. Ufukweni msiwaachie waogelee, kiboko na mamba hawajui huyo ni mbwa wa mtu. Kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa ziwe kwa gari. Joto pia, mnatoka Nakuru kama mita 1,850 mnashuka mpaka 1,130 hivi, mchana wawe kivulini, na maji wasikose.

Na kama kuna mtu anasoma hii ameshaenda na mbwa ameanza kuchagua chakula, usingoje macho. Nenda kwa veti leo, taja neno Lambwe kabla hujakaa kwenye kiti, na usitoke hapo mpaka damu iangaliwe kwa hadubini mbele yako.

Bobby yuko hapa mlangoni nikiandika. Jicho la kulia lilisafika, la kushoto limebaki na ule ukungu. Ukija upande huo bila kuita jina lake anashtuka anaruka, kwa hivyo nyumbani kwangu sasa hata wageni wamefundishwa, mtu anaingia getini akiita Bobby, Bobby, kabla hajabisha hodi.

Dada nijibu tu kwamba umeifuta hiyo Ruma.