Santiago: nilibeba vyote, nikasahau nauli ya kurudi

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anauliza akienda hija ya Santiago de Compostela, Hispania, ile ya kutembea kwa miguu mpaka kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, abebe nini. Nikacheka kwa uchungu kidogo, maana mimi nilibeba kila kitu, plasta za malengelenge, rozari, hadi pilipili ya chupa, kasoro nauli ya kurudi.

Nilianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, tarehe 4 Machi 2020, natokea Ujerumani ninakoishi. Tulipita bondeni Valcarlos kwa sababu njia ya juu milimani hufungwa msimu wa baridi. Siku zilizofuata nazirukia, matope na magoti kuuma tu. Tarehe 12 niko Santo Domingo de la Calzada, pale kanisa kuu wanafuga jogoo na tetea weupe ndani kabisa, wana kibanda chao juu ukutani. Jogoo akawika, wenyeji wanasema hiyo ni bahati.

Bahati gani! Jumamosi tarehe 14 niko Belorado, Waziri Mkuu Pedro Sánchez katangaza hali ya dharura Hispania nzima kwa sababu ya korona, na mzee wa hosteli anatwambia kwa upole kesho anafunga. Hapo ndo nilipokosea. Wenzangu asubuhi wakawahi basi la Burgos, mimi nikasema nimekuja kutembea, Mtakatifu Yakobo atanifungulia. Nikatembea peke yangu, mishale ya njano ya kuonyesha njia ipo, watu hakuna, baa zote zimefungwa hata maji ya kununua hamna. Kabla ya Villafranca polisi wakanisimamisha, hawakunifokea, wakasema tu rudi nyumbani. Nyumbani wapi sasa na kwenye kadi kuna yuro 38?

Mdogo wangu ndo alinikatia tiketi kutokea Bilbao. Kwenye grupu la jumuiya mtu akaandika eti Mungu hakutaka ufike. Mpaka leo sijamsahau huyo.

Kwa hiyo ndugu zangu nisikilizeni, nauli ya kurudi iwekeni pembeni msiiguse. Pasi na kadi ya ukaazi zikae mwilini, sio kwenye begi. Na ukiambiwa njia imefungwa, geuka siku hiyohiyo, imani sio ubishi. Narudia tena, nauli.

2022 nikarudi, Papa Fransisko alikuwa ameuongeza Mwaka Mtakatifu wa 2021, ule mwaka maalumu wa mahujaji wa Santiago, mpaka mwisho wa 2022. Nilianzia Belorado palepale na kile kitabu changu cha mihuri, kinachogongwa njiani kila hujaji anapopita, muhuri wa Machi 14 wino umeshafifia, na nikafika kwa miguu yangu, yule wa jumuiya asome hapa.

Dada mwenyewe bado hajajibu, nadhani alikuwa anauliza viatu tu.