Riwaya za Mfululizo au Riwaya Inayojitosheleza?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kikundi chetu cha wasomaji wengi hupenda riwaya za mfululizo, ilhali mimi huridhika na hadithi inayokwisha ndani ya jalada moja. Je, ipi ni bora? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kwa riwaya za upelelezi nipo upande wa wenzako, kwa riwaya zinazochunguza nafsi ya mtu, nipo upande wako.

Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, kisha akamrudisha katika Kisima cha Giningi na riwaya nyingine kadhaa. Msomaji aliyekwisha kumzoea mpelelezi huyo pamoja na rafiki yake Najum hahitaji kutambulishwa upya, bali huingia moja kwa moja katika fumbo. Isitoshe, kila kisa hukamilika chenyewe, hivyo aliyekikosa kitabu cha kwanza madukani (jambo la kawaida kwetu) hapotezi kitu.

Hata hivyo, shujaa wa namna hiyo tunajua hatakufa wala hatabadilika sana, kwa kuwa anasubiriwa katika kitabu kijacho. Euphrase Kezilahabi hakujifunga hivyo katika Rosa Mistika ya mwaka 1971: alimfikisha Rosa kwenye kifo, na uchungu wa riwaya hiyo unatokana kwa kiasi kikubwa na kutokuwapo kwa nafasi ya pili. Wape wenzako waisome, kisha mjadiliane.