Mnauliza, Tunajibu: Nyama ya Oveni na Sindano ya Joto

Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu nyama ya kuoka kwenye oveni ya feni, na hasa kipimajoto cha sindano, ule msumari wa chuma unaochomekwa ndani ya nyama huku waya wake ukitoka nje hadi kwenye kisanduku cha namba. Namba zote hapa ni nyuzi za Selsiasi.

Nilioka mguu wa mbuzi wa kilo 2 nikifuata maelekezo ya Wamarekani, yanayosema usitoe nyama mpaka sindano isome 203 za Farenhaiti, ambazo ni kama 95 zetu. Ilifika 68 ikagoma karibu saa nzima. Baadaye ikapanda hadi 92, ikakwama tena. Nikangoja. Nilichotoa kilikuwa kikavu kama kuni. Je, kipimajoto ni kibovu? (Msomaji, Donholm)

Kipimajoto chako ni kizima, na kilikuwa kinakwambia ukweli mara zote mbili.

Kule kugoma kwenye 68 ni jasho la nyama. Maji yanatoka ndani, yanafika juu, yanageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto, kama jasho linavyompoza mtu aliyesimama kwenye upepo. Oveni ya feni inazidisha jambo hilo kwa sababu upepo wake haukomi. Joto linaloingia likilingana na linalotoka, namba husimama. Usipandishe moto kwa hasira, utaunguza nje na ndani pabaki palepale. Funika trei kwa foili ibane pembe zote. Mvuke ukikosa njia, nyama itaacha kupoa na namba itaendelea.

Kukwama kwenye 92 ni habari nyingine, na inamhusu kila anayepika Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Nyama yenye maji ndani haiwezi kupita joto la kuchemka la maji hayo. Aliyeandika 95 huenda anaishi karibu na usawa wa bahari, ambako namba hiyo iko chini ya mchemko. Kwako wewe iko juu yake, na njia pekee ya kuifikia ni kumaliza maji yote kwenye nyama. Ndicho kilichotokea.

Kwa hiyo lengo la mguu wa mbuzi hapa liwe 88 hadi 90. Kinacholainisha nyama ngumu ni kuyeyuka kwa kolajeni, ile mishipa myeupe inayoshikilia misuli, na kazi hiyo huanza karibu na 70 na kwenda vizuri ukishapita 80. Muda una uzito kuliko namba ya mwisho. Nyama iliyokaa saa nzima kati ya 82 na 90 itakuwa laini kuliko iliyopita hapo mbio.

Fanya hivi. Paka chumvi usiku wa kuamkia siku ya kuoka, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila kilo, kisha uweke mguu kwenye friji bila kufunika ili ngozi ya juu ikauke. Washa oveni 200, oka wazi dakika 20 hadi 25 upate rangi. Teremsha hadi 150, mimina kikombe cha maji ya moto kwenye trei, funika kwa foili na upenyeze sindano katikati ya foili hiyo. Tarajia saa 2 hadi 2 na nusu. Ikisoma 88, chomoa kidogo uichome tena mahali pengine: ikizama kama kwenye parachichi lililoiva, toa. Ikikaza, acha dakika 20 zaidi na usiangalie namba.

Jambo moja ambalo wengi hawalisemi: mbuzi aliyechinjwa alfajiri na kuokwa mchana bado misuli yake imekaza kwa mauti. Ukinunua Kiamaiko au Burma, mpe siku mbili kwenye friji kwanza. Hakuna kiungo kinachofanya kazi ya siku hizo mbili.

Nilijaribu sindano mpya kwenye maji yanayochemka ikasoma 94. Niirudishe dukani? (Msomaji, Umoja 2)

Usiirudishe, hiyo ni sahihi kabisa. Anayejaribu Limuru, juu zaidi, atapata 92 na ushee.

Kipimo cha kuaminika popote ni barafu. Ponda barafu, jaza glasi hadi juu, ongeza maji ya kuziba nafasi tu, koroga, kisha simamisha ncha katikati bila kugusa glasi kwa dakika moja. Isome 0, au itofautiane kwa nyuzi 1. Ikisoma 2, andika kwenye kisanduku "toa 2" na uendelee kuitumia.

Kuku wa broila, sindano ilisema 74 kwenye kidari, lakini tulipokata paja tukakuta damu. Na yale maji mekundu karibu na mfupa, ni hatari? (Mama Kui, Kasarani)

Mama Kui, 74 ndiyo namba ya usalama wa kuku, ila uliipima mahali pasipofaa. Kidari kiko juu, upepo wa feni unakipiga moja kwa moja. Paja limejificha kwenye mwili na linachelewa. Choma sindano sehemu nene ya ndani ya paja, pale linapokutana na mwili, bila kugusa mfupa wala kutokea kwenye uwazi wa tumbo.

Sindano haipimi urefu wake wote. Kihisio kiko kwenye ncha, sentimita moja au mbili za mwisho. Kwa hiyo isukume hadi ipite katikati, kisha ivute nje polepole huku macho yakiwa kwenye namba. Utaona 71, 67, 64, halafu itaanza kupanda tena, 66, 69. Rudi kwenye 64. Hapo ndipo penye baridi kuliko kote, na hapo ndipo pa kuiacha.

Kwa broila wa kilo moja na nusu, oka 180 kwenye feni kwa saa moja hivi, paja lifike 80. Wekundu karibu na mfupa ukishapita 74 hauna madhara. Broila huchinjwa mdogo, mifupa bado ina vitundu, na uboho hupenya hadi kwenye nyama.

Kienyeji ni mambo mengine. Mtendee kama mbuzi: foili, 150, paja hadi 88.

Nyama ya ng'ombe ya paja, bila mfupa, kilo moja na nusu. Nataka iive kabisa, kwa hiyo huitoa ikiwa 77. Daima inakuwa ngumu na kavu. (Msomaji, Lang'ata)

Namba yako iko jangwani. Kati ya 72 na 82 misuli imeshakamuliwa maji yake, na kolajeni haijapata muda wa kuyeyuka na kuziba pengo. Kwa hiyo unapata hasara ya pande zote mbili.

Una njia mbili. Ukibaki na nyama ya paja, ambayo haina mafuta, oka 140 kwenye feni na uitoe ikisoma 60. Weka kwenye ubao, funika kwa foili bila kubana, dakika 20. Joto la nje litaendelea kuingia na utaona namba inapanda yenyewe hadi 63 au 65. Kata vipande vyembamba ukikatiza nyuzi za nyama. Ndani itakuwa ya waridi kidogo, na kwa kipande kizima chenye muhuri wa mkaguzi hilo ni salama. Nyama ya kusaga haifuati sheria hii, hiyo ifike 71 bila mjadala.

Kama nyumbani kwako hakuna anayekula nyama ya waridi, usilazimishe. Mwambie wa bucha akukatie bega lenye mafuta ndani, uifunike na uipeleke hadi 88. Tungependelea njia hii ya pili kwa meza yenye wageni wengi, maana hata ukichelewa nusu saa haiharibiki.

Na kama maelekezo unayofuata ni ya oveni isiyo na feni, punguza nyuzi 20: penye 180, weka 160. Tumia wavu juu ya trei fupi ili upepo upite chini ya nyama, na usitandike foili kuziba tundu za feni.

Sindano inasoma 110 wakati nyama ndiyo kwanza imeingia. (Msomaji, Rongai)

Imeingia maji pale waya unapoungana na chuma, mara nyingi baada ya kuoshwa kwenye beseni. Sindano nyingi hufanya kazi kwa ukinzani wa umeme unaopungua joto linapopanda. Maji nayo huupunguza, kwa hiyo kifaa hudhani kuna moto. Ilaze kwenye oveni yenye nyuzi 120 kwa dakika 30, ipoe, kisha ijaribu kwenye barafu. Ikirudia, nunua waya mpya. Kuanzia leo ifute tu kwa kitambaa chenye sabuni.

Jioni oveni yangu ya mezani huchelewa, na mara nyingine stima hupotea nyama ikiwa ndani. Nifanyeje? (Msomaji, Pipeline)

Kuchelewa kunatokana na volteji. Oveni ya wati 2,000 kwa volti 240 hutoa kama wati 1,390 tu volti zikishuka hadi 200. Kwa hiyo usihesabu dakika, fuata sindano. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye waya mwembamba wa ekstensheni.

Stima ikipotea, usifungue mlango. Kipimajoto cha betri kitaendelea kusoma, kile kilichojengwa ndani ya oveni kitazimika nayo. Namba ikibaki juu ya 60, una nafasi ya kungoja. Ikishuka chini ya hapo, una saa 2 za kuirudisha motoni. Na ikiwa nyama ilikuwa bado kwenye 30 au 40 stima ilipopotea, usibahatishe: ikate vipande, itie kwenye sufuria pamoja na mchuzi wote wa trei, uimalizie kwenye jiko la gesi.