Marumaru ndefu kwa sebule ya mtindo wa miaka ya 1950

SWALI: Nataka sebule ya mtindo wa miaka ya 1950: makochi mafupi ya mtiki, miguu myembamba. Marumaru ni za poseleni, sentimita 20 kwa 120. Fundi anataka kuzipishanisha nusu kwa nusu, yaani ncha za safu moja ziangukie katikati ya marumaru za safu inayofuata. Nikubali?

JIBU: Mkatalie. Marumaru ndefu mara nyingi huinuka kidogo katikati. Akipishanisha nusu, kitovu kilichoinuka kinakutana na ncha iliyoshuka, na vidole vitajikwaa hapo. Apishanishe theluthi, yaani sentimita 40, aache mwanya wa milimita 3, na gundi apake sakafuni na mgongoni mwa marumaru pia. Kingo za ukuta aache milimita 6, sketingi (ukanda wa chini ya ukuta) itafunika. Nunua zisizong'aa, mng'ao unavuta macho yaache mbao za mtiki. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya makochi.