Barabara tupu, mji umejaa

Ndugu Mhariri, nimeona picha ya San Francisco ya 1878: majumba yamesongamana, barabarani hakuna mtu, anga jeupe pe. Watu walikuwa wapi? – Msomaji, Jinja

Walikuwepo, ndugu yetu. Mpiga picha Eadweard Muybridge aliupiga picha mji huo kutoka kilimani, kwa vioo 13 vikubwa vinavyoungana kuwa duara. Kila kioo kilipakwa kolodioni, majimaji ya kunata, kikachovywa gizani kwenye maji ya nitrati ya fedha kwa dakika chache, kikapigwa picha, nayo ikasafishwa kioo kingali kibichi. Kikikauka, hakishiki picha tena. Dawa hiyo ni nzito kushika mwanga, kwa hiyo lenzi iliachwa wazi sekunde kadhaa. Hata bodaboda za Jinja zingepita humo zisiache alama.

Chukua lenzi ya kukuzia, kagua barabara za picha za aina hii. Mchirizi mwembamba kama ukungu ni gari la farasi lililopita; aliyesimama tuli mlangoni huonekana vizuri. Anga je? Kolodioni hushika buluu kupita kiasi, mawingu yakamezwa. Angalia na vivuli: kazi ilichukua saa nyingi, navyo vinageuka kutoka kioo hadi kioo.