Maswali na Majibu: Saksafoni na Tarumbeta za Zamani, Zimetengenezwa Lini?

Swali: Ndugu mhariri, nina saksafoni yenye nakshi ya C.G. Conn Ltd, Elkhart, Ind. Mgongoni imepigwa mhuri PAT'D DEC. 8 1914 na namba 1119954. Karibu na hapo kuna herufi M, namba inayoanza na 187 yenye tarakimu sita, herufi C na herufi L. Aliyeniuzia anasema ni saksafoni ya aina ya tena (tenor), ya mwaka 1914, na kwamba vanishi yake ni ya kiwandani. Nimwamini?

Jibu: Usimwamini kwa lolote kati ya hayo matatu.

Tarehe hiyo na namba 1119954 ni za hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuvuta matundu ya sauti kutoka kwenye bati la mwili wenyewe badala ya kuyatengeneza kando na kuyalehemu. Mhuri huo uliendelea kupigwa kwa miaka mingi, na wauzaji wengi huutangaza kama mwaka wa ala au kama namba yake. Unachokuambia ni kimoja tu: ala haikutengenezwa kabla ya Desemba 1914. Neno "Ltd" nalo linasogeza mpaka mbele kidogo, kwa kuwa kampuni ilianza kulitumia baada ya kununuliwa na Carl Greenleaf mwaka 1915.

Namba ya kufuata ni ile inayoanza na 187. M inaonyesha kwamba imo katika mfululizo wa saksafoni. Conn walihesabu ala za shaba, yaani tarumbeta na jamaa zake, kwa mfululizo mwingine, kwa hiyo ukiisoma kwenye orodha ya tarumbeta utapata mwaka usiohusika kabisa. Katika orodha sahihi, namba yako inaangukia nusu ya pili ya miaka ya 1920.

Herufi C ndiyo inayokanusha kwamba ni tena (tenor). Conn waliandika A kwa alto, T kwa tena, na C kwa C melody, saksafoni ndogo kuliko tena ambayo ilivuma sana miaka ile kisha ikaachwa. Hakikisha kwa tyuna, kifaa cha kupimia noti: bonyeza kidole cha kati cha mkono wa kushoto peke yake, upulize. Alto itatoa noti ya Eb, tena Bb, na C melody itatoa C. Jaribio hili linafaa kwa saksafoni yoyote iliyopoteza maandishi.

Herufi L ni habari njema. Ina maana ya sauti ya chini, A = 440 (noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde), kipimo tunachotumia leo. Ingekuwa H, ala ingekuwa imetengenezwa kwa A ya karibu 457, zaidi ya robo toni juu. Watu hudhani kuvuta nje mdomo wa ala, ile sehemu unayopuliza, kutaponya tatizo hilo. Hakuponyi, kwa sababu nafasi kati ya matundu zimepimwa kwa bomba fupi zaidi: ukisawazisha noti moja, nyingine zinapotea. Saksafoni ya H ni ya kutundika ukutani, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kuhusu vanishi: saksafoni za Conn za kipindi hicho kwa kawaida zilitoka na mchovyo wa fedha, mara nyingi na dhahabu ndani ya kengele (ule mwisho mpana wa ala), au zikabaki shaba tupu. Vanishi ilienea miaka ya 1930. Basi yako imepakwa upya, na kabla ya kupakwa lazima ilisuguliwa. Pitisha kucha juu ya nakshi. Kama kingo zake zimelainika, msuguo ulikula chuma.

Onyo moja la ziada. Kama kingo za matundu zimekunjwa kwa nje zikawa mviringo, usiruhusu fundi azisawazishe kwa tupa. Mkunjo ukikatwa haurudi. Azinyooshe kwa kusukuma bati kutoka ndani.

Swali: Saksafoni yangu imeandikwa Bundy, na chini yake Selmer. Je, ni ndugu ya Mark VI?

Jibu: Ni ndugu wa jina tu. Bundy ilikuwa ala ya wanafunzi iliyouzwa na Selmer ya Marekani, ambayo mwaka 1963 ilinunua kiwanda cha Buescher. Mark VI ni saksafoni ya Henri Selmer wa Paris, iliyoanza mwaka 1954 katika namba za 55,000 na kuishia katikati ya miaka ya 1970, katika namba za zaidi ya 220,000. Orodha za Mark VI nazo zisomwe kama makadirio. Saizi zote zilishiriki mfululizo mmoja, na nyingi zilisafirishwa hadi Elkhart, Marekani, kuunganishwa, kupakwa vanishi na kuchongwa nakshi. Tofauti ya mwaka mmoja kati ya orodha na risiti ya kwanza isikushangaze.

Swali: Nawezaje kujua umri wa tarumbeta ambayo namba yake haipo kwenye orodha yoyote?

Jibu: Soma anwani kabla ya namba. Viwanda huhama, na mji uliochongwa kwenye kengele hauongopi kirahisi. Tarumbeta ya kampuni ya Bach iliyoandikwa Mount Vernon ni ya kati ya 1953 na mwanzoni mwa 1965. Ikiandikwa Elkhart, ni ya baadaye. Tarumbeta ya kampuni ya Olds iliyoandikwa Los Angeles ni ya kabla ya kuhamia Fullerton katikati ya miaka ya 1950, na kiwanda cha Fullerton kilifungwa mwaka 1979. "Boosey & Hawkes" haiwezi kutangulia 1930, mwaka kampuni hizo mbili zilipoungana. "West Germany" inakuweka kati ya 1949 na 1990.

Medali zilizochongwa kwenye kengele zisikubabaishe. Mtengenezaji aliyeshinda katika maonyesho ya karne ya 19 aliendelea kuzichonga kwa miongo mingi. Medali ya mwisho inakupa mwaka wa mapema unaowezekana, basi.

Namba ya tarumbeta nyingi iko kwenye ganda (bomba la nje) la vali ya pili, ile ya katikati. Kama vali zenyewe zina namba, zilinganishe na ya ganda. Zisipolingana, vali zimetoka kwenye ala nyingine: hewa itavuja, au zitakwama, na umri utakaousoma utakuwa wa nusu ya ala tu.

Swali: Namba imefifia. Niisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba?

Jibu: Hapana, utaimaliza. Futa mafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, zima taa, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni, karibu usawa na bati. Isiposomeka, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe ubavu wa penseli laini. Lakini kama namba imefutika kabisa huku nakshi ya kengele bado ni kali, huo si uchakavu. Kuna aliyeikwangua, na muuzaji akueleze sababu kabla hujalipa.